A.M. Jeevanjee: Mkandarasi wa Mombasa aliyeshiriki kuijenga Nairobi

Ukifika katikati ya jiji la Nairobi na miguu ikachoka, kuna bustani ambapo unaweza kukaa chini ya mti bila kulipa chochote. Inaitwa Bustani ya Jeevanjee. Mwenye jina hilo alikuwa mkandarasi aliyeanzia kazi Mombasa.

Jeevanjee alizaliwa wapi?

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 mjini Karachi. Wakati huo Karachi ilikuwa India chini ya Waingereza. Leo iko Pakistan. Familia yake ilikuwa ya Mabohora. Hakusoma sana. Alitoka nyumbani akiwa kijana, akafanya biashara India na Australia, na mwaka 1890 akashuka Mombasa.

Alipataje kazi za ujenzi?

Leo mkandarasi wa Mombasa hawezi kuanza kazi kabla ya kusajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Wakandarasi hupangwa katika madaraja 8. Wa daraja la 8 hupewa kazi ndogo, na wa daraja la 1 huruhusiwa kazi za ukubwa wowote.

Enzi za Jeevanjee hapakuwa na mamlaka hiyo. Kilichomfanya mtu kuwa mkandarasi ni kandarasi yenyewe, na ilikwenda kwa aliyeweza kuleta watu, chakula na vifaa kwa wakati. Reli ya Uganda ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, Jeevanjee aliweza kuyafanya hayo. Kampuni yake ilileta vibarua na mafundi kutoka India, pamoja na vyakula vyao. Baadaye ilipewa pia kazi za kupasua miamba na kujenga stesheni.

Kazi hiyo iligharimu maisha. Wahindi wapatao 32,000 waliletwa kwa mikataba kujenga reli, na karibu 2,500 walikufa, wengi wao kwa magonjwa na ajali. Wengine waliliwa na simba wa Tsavo.

Reli ilifika Nairobi mwaka 1899, na Jeevanjee akaifuata. Huko alijenga ofisi za serikali, maduka na soko, akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi.

Alikataliwa nini?

Serikali ilimruhusu kuijengea ofisi, lakini haikumhesabu sawa na Mzungu. Nyanda za juu zenye rutuba zilitengewa Wazungu, na Mhindi hakuruhusiwa kununua shamba huko hata awe na fedha kiasi gani.

Jeevanjee hakunyamaza. Akiwa bado Mombasa alianzisha gazeti la African Standard, ambalo baadaye aliliuza. Ndilo chimbuko la The Standard la leo. Mwaka 1909 aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria, mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Alijikuta peke yake kati ya Wazungu, na hakudumu. Aliendelea kudai haki kupitia chama cha Wahindi wa Afrika Mashariki.

Alikosolewa kwa lipi?

Haki alizopigania zilikuwa hasa za Wahindi. Mwaka 1910, akiwa London, alipendekeza Afrika Mashariki iunganishwe na India. Wamaasai, Wakikuyu na wengine waliokuwa wakipoteza ardhi yao hawakuwemo katika hesabu hiyo. Waliokosoa wana hoja: aliyefungiwa mlango alisahau kwamba nyumba ina wenyewe.

Ameacha nini?

Jeevanjee alifariki Nairobi mwaka 1936, utajiri wake ukiwa umepungua sana. Majengo yake mengi yamebomolewa. Bustani, aliyowapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, ipo bado.

Nayo ilinusurika. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kujenga hapo maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, mwanaharakati Zarina Patel, aliongoza upinzani, wananchi wakamuunga mkono, na mpango ukaachwa. Kwa hiyo kipande cha ardhi kilichotolewa na mtu aliyezuiwa kununua ardhi mahali pengine kimebaki mali ya kila mpita njia, na hakuna anayehitaji kibali cha kukaa hapo.