WILLIAM THOMSON, LORD KELVIN (1824–1907)

Mtahiniwa, jina la Kelvin umelizoea katika mada ya joto: kila unapoongeza 273 kwenye nyuzi za Selsiasi unatumia kipimo ambacho wazo lake alilitoa mwaka 1848. Hapa tunakutaka umjue kwa kazi yake ya umeme, ambayo leo inatumika hata katika chaja ya simu isiyo na waya.

Alizaliwa Belfast, Ireland, mtoto wa mwalimu wa hisabati. Aliingia Chuo Kikuu cha Glasgow akiwa na miaka 10 (ndiyo, kumi), na alipofika miaka 22 alikuwa profesa hapo hapo.

Mwaka 1853 alichunguza jinsi kapasita inavyomwaga chaji yake kupitia koili. Tazama ngalawa ufukweni Tanga au Pangani ikipigwa na wimbi. Haitulii mara moja. Huinama huku, ikainama kule, mpaka maji yaimalize nguvu. Thomson alionyesha kwa hesabu kwamba umeme nao huyumba hivyo. Ukinzani ukiwa mdogo, yaani R² ikiwa chini ya 4L/C, chaji huenda na kurudi. Ukizidi hapo, hushuka bila kuyumba. L ni ya koili, C ni ya kapasita.

Katika chaja isiyo na waya, koili na kapasita huyumbishwa kwa makusudi, kwa kawaida zaidi ya mara 100,000 kwa sekunde. Tatizo ni transista zinazowasha na kuzima mkondo ghafla. Hizo na nyaya zake zina L na C ndogo zisizoonekana, hivyo huzuka myumbo usiotakiwa, volteji ikaruka, na transista huweza kuungua. Mhandisi hukokotoa kwa kanuni ile ile ya 1853, kisha huongeza kikinza na kapasita ndogo ili kuuzima.

Thomson mwenyewe aliona hasara ya volteji kubwa. Mwaka 1858 kebo ya telegrafu iliyolazwa chini ya Atlantiki ilikufa baada ya wiki chache, kwa kuwa Whitehouse, fundi umeme wa kampuni, aliisukumia volti zipatazo 2,000. Thomson alitaka mkondo dhaifu, usomwe kwa galvanomita yake ya kioo. Kebo ya 1866 ilimthibitisha, akatunukiwa cheo cha Sir. Mwaka 1879 kebo kutoka Aden ilifika Unguja, ng'ambo ya pwani yetu.

Alifariki tarehe 17 Desemba 1907, akazikwa Westminster Abbey, karibu na Newton.