Thénard: muosha chupa aliyetuletea dawa ya povu

Leo nawaletea habari za mzee mmoja ninayemzimia sana. Mimi kemia ya vitendo niliisoma ubaoni, maana maabara ya shule yetu ilikuwa chumba kitupu chenye kufuli. Ndiyo maana maisha ya Louis Jacques Thénard yananigusa.

Jamaa alizaliwa mwaka 1777 kijijini La Louptière, Ufaransa, mtoto wa mkulima. Akaingia Paris akiwa kijana, mfukoni hana kitu. Kusoma kwa Vauquelin, mkemia mkubwa wa enzi hizo, kulihitaji ada, naye hana. Basi inasimuliwa kwamba alikubaliwa aoshe chupa na kusaidia jikoni. Mikono iko kwenye maji machafu, macho yako kwenye majaribio. Mwaka 1804 huyo huyo muosha chupa akawa profesa pale Collège de France!

Kazi iliyompa jina zaidi ni ya 1818. Alianza na chumvi tu, nitrati ya bariamu. Akaichoma ikabaki oksaidi, akaipasha moto tena ndani ya oksijeni, ikainywa ile hewa na kuwa peroksaidi. Hiyo akaiyeyusha kwenye asidi, chombo kikiwa kwenye barafu. Akapata kitu kama maji, ila oksijeni yake ni mara mbili ya ile ya maji: haidrojeni peroksaidi. Ndiyo ile inayotoa povu kwenye kidonda, na saluni wanatumia kubadili rangi ya nywele.

Sasa jamani, msikimbilie kujaribu gheto. Chumvi za bariamu zinazoyeyuka ni sumu, na peroksaidi kali inaweza kuwasha moto. Hata mwenyewe aliponea chupuchupu: siku moja akifundisha alikunywa sumu ya zebaki akidhani ni maji. Akaomba mayai, wanafunzi wakatoka mbio kuyatafuta, na ute wa mayai ukamwokoa.

Alifariki 1857, akiwa tajiri na ana cheo cha baroni. Lakini mwaka huo huo alikuwa ameanzisha chama cha kusaidia wanasayansi waliokwama na familia zao. Njaa ya ujanani hakuisahau. Kijiji chake leo kinaitwa La Louptière-Thénard.

Je, wangapi wenye akili kama yake wanaosha vyombo mtaani kwetu, na hakuna aliyewafungulia mlango wa maabara? Nangoja maoni yenu.