Wangari Maathai alivyopigania haki ya malipo chuoni

WANAWAKE wa Kitui na Makueni wanajua nguvu ya mwethya: bwawa lisilochimbika kwa jembe moja huchimbika kwa majembe ishirini. Marehemu Profesa Wangari Maathai aliitumia hekima kama hiyo kudai usawa wa malipo kazini, miaka mingi kabla ya kutunukiwa Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka wa 2004.

Alizaliwa Aprili 1, 1940 kijijini Ihithe, Nyeri. Aliporejea kutoka masomoni Marekani mwaka wa 1966, alikuta kazi aliyoahidiwa chuoni Nairobi imepewa mtu mwingine. Hakukata tamaa. Aliajiriwa katika idara ya anatomia ya mifugo, na mwaka wa 1971 akawa mwanamke wa kwanza Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya uzamifu.

Hata hivyo, shahada hiyo haikumletea usawa. Wahadhiri wa kiume walipata marupurupu ya nyumba, matibabu na pensheni ambayo wenzao wa kike walinyimwa. Wangari na mwenzake, Vertistine Mbaya, walidai masharti sawa. Walijaribu hata kukigeuza chama cha wahadhiri kuwa chama cha wafanyakazi ili kiwe na uwezo wa kujadiliana na mwajiri. Mahakama iliwakatalia, lakini hawakunyamaza, na baadaye mengi waliyodai yalitimizwa.

Mwaka wa 1982 alijiuzulu ili kuwania ubunge. Alizuiwa kugombea, na chuo kikakataa kumrudishia kazi. Ndipo alipojitolea kikamilifu kwa shirika la Green Belt, aliloasisi mwaka wa 1977, ambalo liliwalipa wanawake wa vijijini kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Mwaka wa 1997 aliwania urais, sawa na Charity Ngilu wa Kitui.

Alifariki Septemba 25, 2011, akiwa na umri wa miaka 71.

Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri alipe sawa kwa kazi yenye thamani sawa, nayo Katiba ya 2010 inalinda haki ya ujira wa haki na ya kujiunga na chama. Karani wa Wote au mhudumu wa hoteli mjini Mwingi anayepunjwa ana silaha ambazo Wangari hakuwa nazo. Lakini sheria haijisemei. Sharti mwanamke ayajue malipo ya wenzake, yakiwemo marupurupu, na asisimame peke yake.