Franz Stuhlmann

Franz Ludwig Stuhlmann (Hamburg, 29 Oktoba 1863 – Hamburg, 19 Novemba 1928) alikuwa mwanazuolojia, mpelelezi na afisa wa serikali ya kikoloni kutoka nchi ya Ujerumani. Anakumbukwa hasa kwa mambo mawili. La kwanza ni safari yake ya mwaka 1891 kutoka Bukoba, kupitia Karagwe, hadi milima ya Ruwenzori, ambako alipanda hadi kimo cha mita 4,063. La pili ni kazi yake kama mkurugenzi wa kwanza wa taasisi ya utafiti ya Amani katika milima ya Usambara Mashariki.

Maisha ya awali

Stuhlmann alisomea sayansi ya viumbe katika vyuo vikuu vya Ujerumani na kubobea katika zuolojia. Mwaka 1888 alifika Zanzibar kuchunguza wanyama wa baharini na wa maji baridi. Wakati huohuo watu wa pwani walikuwa wakipinga kwa silaha utawala wa Wajerumani. Stuhlmann aliacha utafiti kwa muda, akaingia katika jeshi la Hermann von Wissmann na kujeruhiwa vibaya vitani. Tangu hapo maisha yake yalifungamana na sayansi na ukoloni kwa pamoja.

Safari na Emin Pasha

Aprili 1890 Stuhlmann aliondoka Bagamoyo akiwa katika msafara wa Emin Pasha, daktari Mjerumani aliyewahi kuwa gavana wa Ikweta kusini mwa Sudani. Msafara ulipita Tabora na kufika upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, ambako Emin alianzisha kituo cha Bukoba mwezi Novemba mwaka huohuo.

Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yalikuwa yamegawa nchi za eneo hilo, na sehemu za kaskazini ziliachwa kwa Waingereza. Wissmann alimwagiza Emin arudi. Hata hivyo, Februari 1891 Emin aliondoka Bukoba kuelekea magharibi, na Stuhlmann alifuatana naye. Walikuwa na askari, wengi wao Wasudani, na wapagazi kutoka pwani na bara.

Njia yao ilipita katika nchi ya Karagwe, ambayo leo ni wilaya za Karagwe na Kyerwa katika mkoa wa Kagera. Karagwe ilikuwa ikijulikana kwa wasafiri kwa muda mrefu. Mwaka 1861 John Hanning Speke alipokelewa huko na mfalme Rumanyika, na kutoka vilima vya nchi hiyo aliziona kwa mbali volkeno za Mfumbiro, ambazo leo huitwa Virunga. Msafara wa Emin ulikaa Kafuro, kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili karibu na makao ya wafalme. Lakini Karagwe ya mwaka 1891 haikuwa tena ile ya Rumanyika. Baada ya kifo chake, ugomvi wa kurithi kiti ulikuwa umepunguza nguvu za ufalme, na katika miaka hiyo sotoka iliua ng'ombe wengi sana katika nchi za maziwa makuu. Kwa watu ambao ng'ombe kwao walikuwa mali, mahari na heshima, hasara hiyo ilikuwa kubwa kuliko vita.

Kutoka Karagwe msafara uliingia Mpororo, na mwezi Mei ulifika Ziwa Edward.

Kupanda Ruwenzori

Milima ya Ruwenzori iko mpakani mwa Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Tofauti na Kilimanjaro, si volkeno bali ni safu ya miamba iliyoinuliwa, na mara nyingi hufunikwa na mawingu. Ndiyo sababu wageni waliweza kupita chini yake bila kuiona theluji. Mwaka 1889 luteni William Grant Stairs, wa msafara wa Henry Morton Stanley, alijaribu kupanda akiwa na Wangwana wapatao 40, akaishia kwenye kimo cha takriban mita 3,250.

Juni 1891 Stuhlmann alianza kupanda kutoka upande wa magharibi, akifuata bonde la mto Butahu. Njia za bonde hilo zilijulikana na Wakonjo, wenyeji wa miteremko hiyo waliolima na kuwinda huko. Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu sana, hakufika naye sehemu za juu.

Stuhlmann alikusanya mimea na kuandika jinsi uoto ulivyobadilika kadiri walivyopanda. Juu ya mashamba palikuwa na msitu, na juu ya msitu palikuwa na mianzi. Kisha ilikuja miti ya jamii ya erika, yenye mashina yaliyofunikwa na uoto laini unaonyonya maji kama sifongo. Juu zaidi kulikuwa na malobelia na masenesio yenye urefu wa kumshinda mtu. Mpangilio huo wa kanda za mimea ulikuwa mojawapo ya matokeo muhimu ya safari yake.

Kwenye mita 4,063 alisimama. Theluji ilikuwa mbele yake, lakini hakuifikia. Wapagazi walikuwa watu wa nchi za joto. Walitembea katika matope na mvua, bila nguo wala viatu vya baridi, na chakula kilikuwa kidogo. Kuendelea kungehatarisha maisha yao. Stuhlmann alipiga picha za vilele, ambazo ni miongoni mwa picha za kwanza za theluji ya Ruwenzori, kisha akashuka pamoja na watu wake. Alikuwa amepita kimo cha Stairs kwa takriban mita 800, na bado zilibaki zaidi ya mita 1,000 hadi kilele cha juu kabisa.

Aligundua pia kwamba Ruwenzori si mlima mmoja bali ni makundi kadhaa ya vilele. Aliyatenga manne na kuyapa majina ya wataalamu wa Ujerumani: Kraepelin, Moebius, Semper na Weismann.

Kurudi Bukoba

Baada ya hapo msafara ulielekea magharibi mwa Ziwa Albert. Huko ndui iliwashika watu wengi. Desemba 1891 Emin alimwamuru Stuhlmann aondoke na wale wazima, naye akabaki na wagonjwa. Stuhlmann alifika Bukoba Februari 1892. Emin hakurudi, aliuawa nchini Kongo Oktoba 1892.

Mwaka 1893 Stuhlmann alirudi Ujerumani akiwa na wanawake wawili Wambuti kutoka misitu ya Kongo, ambao walionyeshwa kwa wataalamu. Leo jambo hilo hutazamwa kama mfano wa jinsi sayansi ya wakati huo ilivyowafanya watu kuwa vielelezo. Mwaka 1894 alichapisha kitabu kikubwa juu ya safari yake na Emin.

Amani na miaka ya mwisho

Stuhlmann alirudi Afrika ya Mashariki ya Kijerumani, akafanya kazi za upimaji na utawala mjini Dar es Salaam. Taasisi ya Amani ilipoanzishwa mwaka 1902, yeye alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Kazi yake ilikuwa kujaribisha mimea ya biashara kwa manufaa ya uchumi wa koloni. Mwaka 1909 na 1910 alichapisha vitabu juu ya historia ya mazao na kazi za ufundi za wenyeji wa Afrika Mashariki. Miaka yake ya mwisho aliishi Hamburg, akifanya kazi katika taasisi za makoloni na za uchumi.

Kumbukumbu

Kilele cha juu cha Ruwenzori, Margherita (mita 5,109), kilifikiwa tarehe 18 Juni 1906 na msafara wa Luigi Amedeo, mtawala wa Abruzzi kutoka Italia. Majina manne ya Stuhlmann yalibakizwa, lakini sasa yanahusu vilele vidogo tu. Mlima mmoja ulipewa jina la Emin, na kilele kingine jina la Stairs. Majina ya wenyeji yaliyotumika awali, kama Kiyanja na Duwoni, yaliachwa. Wapagazi na viongozi wa njia wa mwaka 1891 hawakuwekwa kwenye ramani.

Jina la Stuhlmann limebaki pia katika spishi za wanyama, wakiwemo fuko wa milimani (Chrysochloris stuhlmanni), kwezi wa Stuhlmann (Poeoptera stuhlmanni) na nususpishi ya kima (Cercopithecus mitis stuhlmanni).