Maisha ya Bibi Titi Mohamed

Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwezi wa Juni, mwaka 1926, wakati nchi ya Tanganyika ilipokuwa chini ya utawala wa Waingereza. Baba yake alikuwa mfanya biashara na mtu wa dini, naye hakupenda mtoto wa kike apelekwe shule. Aliona kwamba elimu ya Kurani yamtosha. Shule za Kizungu alizihofu, kwani wazazi wengi wa pwani siku zile walidhani kuwa mtoto akiingia humo atatolewa katika dini ya wazee wake. Hofu hiyo haikuwa bure kabisa, maana shule nyingi zilikuwa za misheni. Walakini ilikuwa hofu ya ajabu kidogo: iliwashika wasichana kwa nguvu, na ndugu zao wanaume mara nyingi iliwaachilia waende.

Baba alipofariki, Titi akapelekwa shule. Aliingia katika shule ya wasichana ya mjini Dar es Salaam, ile iliyokuja kuitwa Uhuru, akasoma muda wa miaka minne. Alijifunza kusoma, kuandika na hesabu, basi. Alipovunja ungo aliwekwa ndani, kama ilivyokuwa desturi ya watu wa pwani, na baadaye akaozwa angali msichana mdogo kwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Hakuna aliyevunja sheria kwa kumtoa shule, kwa sababu haikuwako sheria iliyosema kwamba msichana ana haki ya kusoma. Kusoma kwake kulitegemea huruma ya jamaa zake. Na huruma ilipokwisha, shule nayo ikawa imekwisha.

Titi alikua akawa mwanamke mwenye sauti nzuri na maneno mepesi. Alijulikana mjini kwa uimbaji wake katika ngoma za wanawake. Mwaka 1954 chama cha TANU kilianzishwa ili kudai uhuru wa nchi. Titi alikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuandikwa: kadi yake ilikuwa ya 16, na ya mumewe, Boi Selemani, ilikuwa ya 15.

Mwaka 1955 alifika Dar es Salaam mgeni kutoka Uingereza, jina lake John Hatch, mtu wa Chama cha Labour. Huyu akawauliza viongozi wa TANU habari za wanawake, kama wamo katika chama, nao wakaona haya, kwani hawakuwa na jambo kubwa la kumwonyesha. Ndipo Bibi Titi alipochaguliwa kuongoza wanawake wa chama. Hakwenda kuwatafuta wanawake wasomi. Wengi wao walikuwa watumishi wa Serikali, na Serikali ilikuwa imewakataza watumishi wake kuingia katika vyama vya siasa. Alikwenda kwa watu aliowajua: wanawake wa ngoma, wapika pombe, wauza maandazi na wakulima wa mashamba ya pembezoni mwa mji. Kabla mwaka huo haujaisha, wanawake waliochukua kadi walikuwa wamefika 5,000. Kisha akasafiri katika majimbo ya Tanganyika pamoja na Julius Nyerere na viongozi wengine, akihutubia mikutano mikubwa, na watu wakamsikiliza kwa kicho.

Walakini ile miaka minne ya shule ilimfuata kila mahali. Serikali ya Kiingereza ilipotengeneza uchaguzi wa kwanza, wa mwaka 1958 na 1959, iliweka masharti juu ya mpiga kura. Ilimpasa awe amefika darasa la nane, au awe na pato la pauni 150 kwa mwaka, au awe na cheo maalumu kilichotajwa. Basi mama huyu, aliyekiletea chama maelfu ya wanachama, kwa elimu yake peke yake hakustahili kupiga kura. Wanawake waliostahili kwa masomo walikuwa wachache mno nchi nzima, na si kwamba walikosa akili. Mlango wao ulikuwa umefungwa zamani, walipokuwa watoto.

Nchi ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961. Mwaka uliofuata Umoja wa Wanawake wa Tanganyika ulianzishwa, na Bibi Titi akawa mwenyekiti wake wa kwanza. Katika Bunge aliiwakilisha Rufiji, ile Rufiji kubwa ya siku zile, ambayo ndani yake zilikuwamo Kibiti, Mtawanya na visiwa vyote vya delta. Ilikuwa nchi ya mto na mafuriko. Watu walihamia mashambani wakati wa mpunga, wakakaa katika madungu kuwalinda ndege na nguruwe, na mtoto aliyeitwa kwenda kulinda mara nyingi alikuwa yule ambaye kusoma kwake kulihesabiwa kuwa kwa faida ndogo. Kila mtu wa Rufiji anajua alikuwa nani.

Mwaka 1965 ulifanywa uchaguzi ambao wagombea wawili wa chama kimoja walishindana, mmoja akipewa alama ya jembe na mwenziwe alama ya nyumba. Bibi Titi akashindwa Rufiji. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, lililowakataza viongozi kupangisha nyumba. Yeye hakulikubali, akajiuzulu katika Kamati Kuu ya TANU. Wako waliomlaumu kwa tamaa, lakini yafaa kukumbuka kwamba mwanamke asiye na cheti hapati mshahara wa ofisini, na nyumba yenye wapangaji huwa ndiyo akiba yake.

Mwezi wa Oktoba, 1969, alikamatwa, akashtakiwa pamoja na wengine kwa kula njama ya kuipindua Serikali. Mwaka 1971 alihukumiwa kifungo cha maisha, na mwaka 1972 Rais Nyerere akamsamehe, akatoka. Alikaa kimya miaka mingi. Mwaka 1991, Tanzania Bara ilipotimiza miaka 30 ya uhuru, alikumbukwa tena hadharani kuwa shujaa. Alifariki tarehe 5 Novemba, 2000, katika hospitali mjini Johannesburg.

Alipokuwa hai, na hata baada ya kufa kwake, mambo ya shule yaligeuka kidogo kidogo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimlazimisha mzazi kumwandikisha mtoto shule ya msingi na kuhakikisha anahudhuria, wa kike na wa kiume sawasawa. Katiba ya mwaka 1977 ilikataza ubaguzi, na mwaka 2000, mwaka ule ule aliofariki Bibi Titi, neno jinsia likaongezwa humo, ili pasiwe na shaka kwamba kumnyima mtu haki yake kwa kuwa ni mwanamke ni ubaguzi. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikaongezwa nguvu: anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, au anayempa mimba, aweza kufungwa miaka 30. Mwaka huo huo Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vilivyoruhusu msichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha hukumu hiyo.

Jambo moja lilichelewa kuliko yote. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule asirudi tena, na mvulana aliyehusika mara nyingi aliendelea na masomo yake. Mwezi wa Novemba, 2021, Serikali ilitangaza kwamba msichana aliyekatiza masomo kwa kujifungua aruhusiwe kurudi katika shule ya kawaida. Mzazi ambaye binti yake amekataliwa mlangoni aweza kwenda kwa afisa elimu wa kata, na asiposikilizwa, kwa afisa elimu wa wilaya. Mtoto anayetishwa kuozwa amwambie mwalimu anayemwamini, au mwenyekiti wa kijiji, au afisa ustawi wa jamii. Na katika vituo vya polisi liko Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mashtaka ya namna hiyo. Wako wanaoona haya kushtaki jamaa. Haya hiyo yafahamika, lakini mtoto aliyekwisha kuozwa ni vigumu sana kumrudisha darasani.

Katikati ya Dar es Salaam iko barabara kubwa iitwayo Bibi Titi Mohamed. Na huku Rufiji, katika nchi aliyoiwakilisha Bungeni na kushindwa humo mwaka 1965, iko shule ya sekondari ya wasichana, yenye mabweni, iliyopewa jina lake.