Mgeni wa Loj, Mwenyeji wa Gadhada: Maisha ya Sahajanand Swami

Katika kijitabu hiki cha kumbukumbu msomaji atakuta hesabu ya mawe yaliyochongwa, picha za sherehe na majina ya waliojitolea. Hayo yote yanastahili nafasi yake. Sisi tuliokabidhiwa kurasa hizi chache tumeona vema kumkumbuka Sahajanand Swami, ambaye waumini wake humwita Bhagwan Swaminarayan, na kumtazama kwa upande ambao haumulikwi sana. Picha yake huvishwa mashada ya maua kila asubuhi katika mahekalu mengi ya Afrika Mashariki, hata tukadhani kwamba Gujarati ilikuwa nchi yake tangu mwanzo. Sivyo. Aliingia Gujarati akiwa mgeni asiye na jamaa wala mali, akakaa huko zaidi ya miaka 30, na akafia katika mji mdogo ambao hakuzaliwa.

Alizaliwa tarehe 3 Aprili 1781 katika kijiji cha Chhapaiya, si mbali na Ayodhya, kaskazini mwa India. Wazazi wake, Hariprasad na Premvati, walikuwa Wabrahmani, nao walimpa jina la Ghanshyam. Mwaka 1792, akiwa na umri wa miaka 11 na wazazi wote wawili wamekwisha kufariki, aliondoka nyumbani bila kuwaaga ndugu zake. Akazunguka India kwa miguu kwa muda wa miaka saba, tangu vilima vya Himalaya hadi ncha ya kusini, akijulikana kwa jina la Nilkanth. Alipita katika makao mengi ya watawa, akiwauliza walimu maswali matano kuhusu nafsi, Mungu na ulimwengu, na kila aliposhindwa kuridhika na majibu alishika njia tena. Katika miaka hiyo alikuwa mgeni kila mahali, na hakuna mahali alipokaa muda wa kutosha kuitwa mwenyeji.

Mwezi Agosti 1799 alifika Loj, kijiji kilicho karibu na bandari ya Mangrol katika rasi ya Kathiawad, akaketi kando ya kisima cha ngazi. Mtawa mmoja aitwaye Sukhanand, aliyefika kisimani hapo, alimkuta kijana aliyekonda, amevaa nguo chache mno, akiwa katika tafakuri. Hakumpita. Alizungumza naye, kisha akamkaribisha katika makao yao. Huenda jambo hilo likaonekana dogo, lakini tunaliweka mbele ya wasomaji wetu kwa makusudi. Historia yote iliyofuata ilipita katika mlango mwembamba wa mtu mmoja aliyesimama kumsemesha mgeni pale kisimani.

Makao hayo yalikuwa ya wafuasi wa mwalimu Ramanand Swami, ambaye wakati huo alikuwa safarini Bhuj, katika nchi ya Kutch. Aliyeyasimamia kwa niaba yake alikuwa Muktanand Swami, mtu wa makamo, mwanachuoni na mshairi, aliyemzidi mgeni wake kwa zaidi ya miaka ishirini. Aliulizwa yale maswali matano, akayajibu kwa namna iliyomridhisha kijana, na Nilkanth akakubali kukaa.

Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nilkanth hakungoja kupewa jembe. Simulizi za waumini zinaeleza kwamba alijitwalia kazi ambazo wengine walizikwepa: kuokota samadi ya ng'ombe kwa ajili ya kuni, kuteka maji, kufua na kufagia, na kuzunguka kijijini kuomba nafaka. Aliyekuwa hodari wa yoga kuliko watu wa makao hayo aliwafundisha elimu hiyo baada ya kumaliza kufagia. Tunadhani mpangilio huo una maana. Wenyeji walimwona kwanza akiwa ameinama kazini, ndipo wakamwona ameketi kufundisha.

Hata hivyo, hakuwa mgeni wa kunyamazia kila alilolikuta. Katika ukuta uliotenganisha makao ya watawa na nyumba ya jirani palikuwa na tundu, ambalo kwalo mama wa nyumba ile na watawa walipeana makaa ya kuwashia moto. Ilikuwa desturi ya ujirani mwema, na hakuna aliyeiona kuwa na kosa. Lakini watawa wale walikuwa wameweka nadhiri ya useja, na Nilkanth aliona kwamba tundu katika ukuta ni tundu katika nadhiri. Akashauri lizibwe, nalo likazibwa. Mara nyingi mgeni huona kile ambacho jicho la mwenyeji limekwisha kuzoea. Kulisema bila kiburi ni adabu ya mgeni. Kulisikia bila chuki ni adabu ya mwenyeji, na Muktanand hakupungukiwa na adabu hiyo.

Nilkanth alitamani kumwona Ramanand Swami, lakini mwalimu alikawia. Barua zilitumwa Bhuj. Inasimuliwa kwamba jibu lilimtaka kijana, kama anataka kubaki katika jumuiya hiyo, akae amekumbatia nguzo. Nilkanth akainuka na kuikumbatia nguzo ya nyumba. Wenzake walimfahamisha kwamba nguzo iliyokusudiwa ni Muktanand, mhimili wa jumuiya, na kwamba alitakiwa kumtii na kujifunza kwake. Alingoja kwa miezi mingi, hata katikati ya mwaka 1800 wawili hao walipokutana katika kijiji cha Piplana. Tarehe 28 Oktoba mwaka huohuo Ramanand alimpa utawa na majina mapya, Sahajanand Swami na Narayan Muni.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 16 Novemba 1801, katika mji wa Jetpur, Ramanand alimkabidhi uongozi wa jumuiya nzima. Sahajanand alikuwa na umri wa miaka 20, na hakuwa ametimiza miaka mitatu katika nchi ile. Siku hiyo, kwa mujibu wa masimulizi, aliomba mambo mawili: kwamba ikiwa mfuasi ameandikiwa maumivu ya kuumwa na nge, maumivu hayo yamfike yeye mara nyingi zaidi, na kwamba ikiwa mfuasi ameandikiwa bakuli la ombaomba, bakuli hilo liwe lake yeye, ila wafuasi wasikose chakula wala nguo. Mwezi mmoja tu baada ya hapo Ramanand akafariki.

Hapo ndipo kukubaliwa kwake kulipotiwa katika mizani. Wapo waliokataa kuongozwa na kijana aliyetoka mbali, na baadhi ya wafuasi wa zamani walijitenga. Wengi walikuwa wametarajia kwamba kiti kingekuwa cha Muktanand, aliyekitumikia kwa muda mrefu. Lau Muktanand angesema neno moja la manung'uniko, jumuiya ingegawanyika vipande viwili. Badala yake alimwinamia kijana yule aliyempokea kwa maji na chakula kule Loj, akamtambua kuwa mwalimu wake, na akatunga wimbo wa kumsifu. Wimbo huo ndio unaoimbwa hadi leo wakati wa arati, taa zinapozungushwa mbele ya madhabahu. Ni vema tunapouimba tukumbuke kwamba ulitungwa na mwenyeji aliyempisha mgeni.

Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Watawa wa Sahajanand walipigwa na kufukuzwa na wapinzani wao katika miji na vijiji, nao waliagizwa wasirudishe pigo. Yeye mwenyewe alizungukia vijiji vya Kathiawad, Kutch na Gujarati. Alizaliwa katika nchi ya Kihindi, lakini aliishika lugha ya watu waliompokea kiasi kwamba mazungumzo yake, yaliyoandikwa na wanafunzi wake kati ya mwaka 1819 na 1829 katika kitabu cha Vachanamrut, yamehifadhiwa kwa Kigujarati. Hakuwangoja wenyeji wajifunze lugha yake.

Kituo chake kikuu kilikuwa Gadhada, mji mdogo ulio ukingoni mwa mto Ghela. Mji huo ulikuwa chini ya ukoo wa Khachar wa kabila la Wakathi, watu wa farasi na mikuki, waliojulikana zaidi kwa vita kuliko kwa ibada. Hakuna aliyetazamia kwamba Mbrahmani mtawa kutoka kaskazini angepata maskani miongoni mwao. Lakini Jivuba na Laduba, mabinti wa mtawala Ebhal Khachar, pamoja na kaka yao Dada Khachar, walimfungulia ua wa nyumba yao. Alikaa hapo, kwa kwenda na kurudi, kwa karibu miaka 25. Watawa na mahujaji walimiminika katika ua huo, na familia iliwalisha bila kuhesabu. Chini ya mti wa mwarobaini uliokuwa uani, mafundisho mengi yalitolewa. Inasimuliwa kwamba aliwaambia watu wa mji huo kuwa Gadhada ni yake, naye ni wa Gadhada.

Ukarimu huo haukwenda upande mmoja. Sahajanand na watawa wake walifungua vituo vya kugawa chakula bure, wakachimba visima na mabwawa, na wakati wa njaa ya miaka ya 1812 na 1813 waliwasaidia waliopungukiwa. Alipinga desturi ya kuua watoto wachanga wa kike, pamoja na ile ya kuwachoma wajane katika moto wa mazishi ya waume zao, na aliwasaidia wazazi walioshindwa kumudu gharama za kuoza binti zao. Alikataza kuchinja wanyama kwa ajili ya kafara. Aliwapokea mafundi, wakulima na watu wa matabaka yaliyodharauliwa, na hata wezi waliojulikana, kama Joban Pagi wa Vadtal, waliacha uporaji na kuwa walinzi wa mali za wengine. Yeye aliyepokewa bila kuulizwa ukoo wake hakuweza kufunga mlango kwa sababu ya ukoo wa mtu.

Tangu mwaka 1822 alijenga mahekalu: Ahmedabad kwanza, kisha Bhuj mwaka 1823, Vadtal mwaka 1824, na baadaye Dholera na Junagadh. Ahmedabad ulikuwa mji ambao hapo awali ulimfungia milango. Hekalu la Gadhada lilikamilika mwaka 1828, juu ya ardhi iliyotolewa na Dada Khachar ndani ya ua wake mwenyewe. Masimulizi yanasema kwamba katika siku za ujenzi, kila alipotoka kuoga mtoni, Sahajanand alibeba jiwe kichwani hadi kwenye msingi. Alikuwa kiongozi wa maelfu, lakini jiwe lake alilibeba kama alivyobeba samadi kule Loj.

Ndugu aliowaacha Chhapaiya bila kuwaaga hatimaye walimfuata, nao wakawa wageni katika nchi ile ile. Mwaka 1826 aliwateua wana wa ndugu zake wawili, Ayodhyaprasad na Raghuvir, kuongoza makao ya Ahmedabad na Vadtal. Tarehe 1 Juni 1830 alifariki Gadhada, akiwa na umri wa miaka 49. Mwili wake ulichomwa katika bustani ya wenyeji wake.

Kutoka Kutch, mahali aliposimamisha hekalu la Bhuj, majahazi yalikuwa yakivuka bahari kuja Unguja na Mombasa tangu zamani. Wazee wetu walikuja kwa majahazi hayo na baadaye kwa meli: waashi, mafundi seremala, wachuuzi. Walifungua maduka katika miji midogo ya bara ambako hawakujua mtu, wakajifunza Kiswahili na lugha za majirani, wakakopeshwa maji na moto kabla ya kukopesha sukari na nguo. Tunaposoma habari za kijana wa kisimani, tunasoma pia habari za watu wetu.

Lakini habari hizi zina upande wa pili, nao unatuhusu zaidi leo. Sisi ambao wazee wetu walikuwa wageni sasa tumekuwa wenyeji wenye kuta, milango na funguo. Langoni mwetu hufika familia zilizohamia mjini juzi, vijana waliokuja kwa mikataba ya kazi wakiwa peke yao, na majirani wa imani nyingine wanaotamani kujua ndani mna nini. Jina la Sahajanand tunalitaja kila siku, na ni haki tulitaje. Majina ya Sukhanand aliyesimama kisimani, Muktanand aliyepisha, na Jivuba, Laduba na Dada waliofungua ua, tunayataja kwa nadra. Bila watu hao, msafiri yule angeinuka pale Loj akaendelea na safari yake.

Tunawatakia wasomaji wetu wote maadhimisho mema. Na hekalu hili lisikose kamwe mtu wa kukaa karibu na lango.