Guttmann na saa mbili zake

Wadau, ukitafuta jina la Ludwig Guttmann kwenye mtandao utaletewa Paralimpiki. Sawa, yeye ndiye mwanzilishi. Ila leo mimi nataka kuongelea vidonda vya kulalia, maana huku kwetu Singida watu wanadondoka kwenye miti wakitundika mizinga, wanaanguka na bodaboda, wanavunjika shingo, wanapooza mikono na miguu, halafu wanarudishwa nyumbani kulala chali. Kazi kubwa ya huyu mzee ilikuwa hapo.

Alizaliwa 3 Julai 1899 mji wa Tost, wakati huo Ujerumani, siku hizi uko Poland. Mwaka 1917 alikuwa kijana anajitolea hospitali, akaletwa mchimbaji wa makaa ya mawe aliyevunjika uti wa mgongo. Jamaa wa miraba minne. Wakamzungushia pazia, kijana akaambiwa asijisumbue kuandika maelezo, huyo ni wa kufa tu. Wiki tano hazikuisha, kweli akafa. Guttmann hakumsahau mpaka uzeeni.

Akasomea udaktari wa mishipa ya fahamu. Alikuwa Myahudi, kwa hiyo Hitler alipoingia mwaka 1933 akabaki kutibu kwenye hospitali ya Wayahudi tu, mjini Breslau. Novemba 1938, usiku ule Wayahudi walipokuwa wanawindwa, aliamuru apokelewe yeyote anayekuja, mgonjwa asiye mgonjwa. Gestapo walipofika akapita nao kitanda kwa kitanda akiwatungia watu magonjwa. Kati ya 64 wakapona 60. Huyo ndiye mtu! Mwaka 1939 akakimbilia Uingereza na familia yake.

Tarehe 1 Februari 1944 akakabidhiwa wodi ya Stoke Mandeville, karibu na Aylesbury, apokee wanajeshi waliovunjika uti wa mgongo. Wengine walikuja wamefungwa plasta ngumu, ndani nyama inaoza. Akazitoa. Akaagiza kila mgonjwa ageuzwe kila baada ya saa mbili, mchana na usiku, na usiku alikuwa anaibuka mwenyewe wodini kuhakikisha. Manesi walimkoma.

Kwa nini kugeuza? Wewe ukikaa vibaya unaumia, unajisogeza. Aliyepooza hasikii. Ngozi inabanwa kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inakufa: juu ya makalio, nyonga, visigino. Likiachwa linachimba hadi mfupa, sumu inaingia kwenye damu. Christopher Reeve, yule Superman, alivunjika shingo mwaka 1995 akianguka na farasi. Alikuwa na pesa na wauguzi, lakini alipofariki Oktoba 2004 alikuwa anatibiwa kidonda cha namna hii kilichoingia wadudu.

Michezo ilikuja baadaye: wachezaji 16 wa upinde mwaka 1948, Roma mwaka 1960. Guttmann akafariki 18 Machi 1980.

Sasa huku nyumbani. Vitabu vinasema angalia wekundu, lakini ngozi zetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Pitisha mkono: pakiwa na joto, pagumu au pamevimba kuliko pembeni, asilalie tena pale, na usipasugue. Kidonda kikishafika kwenye nyama, kinanuka au mgonjwa ana homa, nenda hospitali. Ile nyama nyeusi iliyokufa lazima itolewe na mtaalamu, mengine yanazibwa kwa upasuaji. Mpeni mayai, maharage, dagaa, maana kidonda hakifungi mwili ukiwa na njaa. Namna ya kumgeuza bila kuumiza shingo, muuguzi awaonyeshe kabla hamjaruhusiwa kutoka.

Hiyo ya saa mbili haihitaji umeme wala mashine. Inahitaji mtu wa kuamka saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi, kila usiku. Guttmann alikuwa na wodi nzima ya wahudumu. Kwetu mara nyingi ni mama peke yake, na asubuhi anatakiwa shambani kwenye alizeti.

Wenye mgonjwa wa hivi nyumbani, zamu za usiku mnagawanaje? Tupieni kwenye maoni hapo chini.